Kuku Aliyewalea Paka

Ko-ko-ko-ko. Ko-ko-ko. Sauti ya chinichini, ya haraka haraka, ile kuku huitoa akipata kumbikumbi na kutaka vifaranga wake waje wale. Wewe umeisikia mara nyingi, mwanangu, hata huijali tena. Lakini nakumbuka siku moja nikirudi kutoka shule, nikaisikia nyuma ya ghala letu la mahindi kule Ndalu, na nilijua vizuri kwamba katika boma letu hakukuwa na kifaranga hata mmoja. Nikaweka begi chini, nikaenda kuangalia kuku huyo anamwita nani.

Alikuwa anaita paka.

Wambui, usicheke nikikuita mwanangu. Mimi ni mdogo wa mama yako, na kwetu mdogo wa mama ni mama pia. Mvi sina, na shule yangu iliishia darasa la nane. Najua mzee wa kutoa nasaha anatakiwa awe na bakora na kikohozi. Lakini kuna mambo ambayo yakikupata ukiwa mdogo yanakuzeesha mahali pamoja tu ndani ya moyo, kwingine kote ukabaki kijana. Kwa hivyo leo nitazungumza kutoka mahali hapo palipozeeka, kisha jioni turudi kucheka kama kawaida.

Sasa, vile ilikuwa ni hivi. Mwaka ule kideri kilikuwa kimepita kijijini na kumaliza kuku. Kwetu walibaki watatu tu, wote mitetea. Wawili walikuwa wanataga. Wa tatu, mwekundu mwenye shingo tupu, alikuwa ameatamia mayai yake vizuri mpaka usiku mmoja radi ikapiga kutoka upande wa Mlima Elgon, ikatingisha mabati. Mama akasema basi, mayai yameharibika. Na kweli, yalikuwa viza yote. Mama akayatupa. Lakini yule kuku alirudi kwenye kiota akaendelea kuatamia, hana yai, hana chochote, ameatamia majani makavu. Mama akamwosha kwa maji baridi kwenye karai ili hamu ya kuatamia imtoke. Akajikung'uta, akarudi. Akamfunga mguu kwa kamba. Alipofunguliwa akarudi.

"Huyu ana kichwa kigumu kama cha shangazi yenu," Baba akasema. Baba yangu, babu yako, unamjua. Hawezi kukaa na neno la kuchekesha mdomoni, linamwasha.

Wakati huohuo panya walikuwa wametuvamia ghalani, na Mama akaweka sumu. Paka wetu akala panya aliyekula sumu. Tulimkuta asubuhi kando ya mlango, amelala kama anayeota jua. Nyuma ya magunia aliacha watoto watatu, wamefumbua macho juzijuzi tu, wanalia kilio chembamba kama mlango mdogo unaofunguliwa.

Basi siku ile niliyofuata sauti, nilimkuta shingo tupu ameshuka kutoka kiotani mwake, amekaa juu ya wale watoto wa paka. Chini ya bawa moja kumetokea mkia. Chini ya bawa lingine kumetokea sikio. Mbele yake kulikuwa na kumbikumbi mmoja, na alikuwa akiwaita waje wale. Paka mmoja alitoka akiyumba, akamnusa yule mdudu, akapiga chafya, akarudi ndani kwenye joto. Kuku akamtazama mdudu, akawatazama watoto, akaita tena. Mwishowe akamla mwenyewe, kama mama ambaye watoto wamekataa mboga.

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kuanzia siku hiyo tulishirikiana kazi, mimi na kuku. Maziwa yalikuwa yangu. Nilikuwa nachovya kitambaa kwenye maziwa ya ng'ombe yaliyopashwa moto kidogo, wanafyonza ncha. Joto lilikuwa lake. Unajua baridi ya upande ule mvua ikinyesha, inaingia mpaka kwenye mifupa. Nilimtengenezea kikapu kizee chenye majani, akaingia nao. Mbwa wa jirani alikuja kunusa siku moja, akaondoka akilia, pua ina damu. Watu walianza kuja kutazama. Mama mmoja akasema ni mkosi, kuku hawezi kulea adui yake. Baba akamjibu, "Labda hajaambiwa ni adui. Si umwambie wewe, mnaelewana."

Sasa ndipo habari ya mama yako inapoingia. Nasimiyu alikuwa amepata mchumba Kitale, Njoroge, ndiye huyu baba yako. Ujumbe ukaja kwamba Jumamosi atakuja na Shosho wake, yaani bibi yake, kujijulisha tu, siyo mambo ya mahari bado. Mama akashika kichwa. Watu wa Kitale! Nyumba ikapakwa udongo mpya, vikombe vikaazimwa, na swali likabaki moja. Kwetu Bungoma, mgeni wa namna hiyo hapewi nyama ya bucha. Anapewa kuku, mzima, na firigisi iwepo, na viungo vyote vionekane kwenye bakuli. Kiungo kimoja kikikosekana, ni tusi. Pasipo kuku, ni kama umemwambia mtu apite tu.

Ijumaa jioni nikamsikia Mama akiwapigia kuku hesabu. Jogoo alikuwa wa kuazima kwa jirani. Wawili wanataga. Akageuka akatazama kikapu.

"Mama, huyo hapana," nikasema.

"Hatagi. Haatamii. Anakula tu mahindi yangu."

"Analea!"

"Analea nini? Panya wakirudi ghalani ndiyo nitakuja kukushukuru wewe na kuku wako?"

"Watakufa na baridi, Mama."

Nasimiyu alikuwa anapiga pasi nguo yake ya maua. Hakuwa mtu mbaya, mama yako, alikuwa na hofu tu. Akasema, "Nafula, bana, ni paka. Paka watazaliwa wengine. Mimi naolewa mara moja."

Mama akanishika bega, na sauti yake ikawa laini. "Mwanangu, mgeni njoo mwenyeji apone. Dada yako anaenda kuishi kwa watu wasio wa lugha yetu. Nataka waseme alitoka nyumba yenye heshima. Umeelewa?"

Nilielewa. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe, nilimwelewa. Na usiku huo nilijiambia, maana mimi ni mtu wa ndoto, unanijua, kwamba labda kesho jirani ataleta kuku wa zawadi, au wageni watasema hawali nyama. Asubuhi nikatumwa sokoni kununua mchele na nyanya. Nilikimbia kwenda, nikakimbia kurudi. Nilipofika kwenye kona ya boma nikasikia harufu ya manyoya yaliyoloweshwa maji moto. Nikaacha kukimbia.

Wageni walifika saa saba. Njoroge alikuwa amevaa shati jeupe na alikuwa akitoka jasho. Shosho alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiria, kilemba kichwani, shuka nene mabegani, anatembea polepole lakini hataki kushikwa mkono. Mama alimpokea kwa mikono miwili. "Kijana amekufanana macho," Mama akasema, na Shosho akacheka tu.

Tukaomba. Chakula kikaja. Mama akaweka bakuli kubwa mbele ya Shosho, akafunua. Firigisi juu kabisa, yang'aa. Viungo vyote vilipokwisha kuonekana, mabawa yakatolewa, sisi watoto tukapewa jikoni. Mimi nilisema nitakula langu baadaye, nikaenda kusimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa.

Ghala letu lilikuwa nyuma ya ukuta uleule. Na hao wadogo walikuwa wameanza kulia tangu asubuhi. Kilio chembamba, kinakatika, kinaanza tena.

Shosho akasimamisha tonge hewani. "Ni nini kinalia hapo?"

"Paka tu, Shosho," Mama akasema. "Kula, chakula kitapoa."

"Wanalia kama wenye njaa. Mama yao yuko wapi?"

Na Baba, Mungu amsamehe, neno likamwasha. "Mama yao wa kwanza alikufa na sumu," akasema. "Wa pili..." Akatazama bakuli. Akacheka, na hakuna mtu mwingine aliyecheka, akacheka tena kidogo peke yake, akaacha.

Shosho aliuliza ana maana gani. Nikajibu mimi. Nilimweleza yote nikiwa nimeshika jagi, maji yakinimwagikia miguuni: mayai viza, sumu, kikapu, kumbikumbi. Mama alikuwa akinitazama kwa macho ya kusema nitakuona baadaye. Shosho alirudisha tonge kwenye sahani. Akanawa. Akasema, "Nipeleke."

Nilimpeleka ghalani na wote wakatufuata, kama vile watu wanafuata jeneza. Akakaa juu ya gunia, akawatoa wale watatu kwenye kikapu akawaweka kwenye shuka lake. Wakanyamaza. Kisha akazungumza, na hakupandisha sauti hata mara moja.

"Mama Nasimiyu, chakula chako ni kitamu, na mikono yako ibarikiwe. Sasa wacha nikuambie kitu, mama kwa mama. Ulisema kijana huyu amenifanana. Hawezi kunifanana, mimi sikumzaa. Mama yake alikuwa jirani yangu, mgeni pale mtaani, hana mtu. Alikufa mtoto akiwa ananyonya. Watu wakaniuliza, wewe Wambui maziwa yalikauka zamani, utampa nini huyo mtoto? Nikawaambia nitampa joto kwanza. Hayo mengine tutaona."

Njoroge alikuwa anatazama viatu vyake.

"Njiani nikija hapa nilikuwa na hofu moja," Shosho akaendelea. "Nilijiuliza, nikiwaambia ukweli kwamba kijana hana ukoo nyuma yake, hawa watu watamkubali? Wataweza kumpenda mtoto wa kuokotwa? Kumbe hapa kwenu alikuwako mmoja ambaye angenielewa bila hata kuelezwa. Na mmeniwekea yeye kwenye bakuli, mkaniambia karibu."

Mama akaanza kulia. "Shosho, nilikuwa nakuheshimu."

"Najua, mama. Hiyo ndiyo inaniuma. Ungekuwa mbaya ningekasirika, nikaenda zangu."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi maishani. Walimu, madereva, hata mlevi mmoja pale stendi ya Kitale. Sijawahi kusikia karipio lililonyenyekea namna ile. Hakumkaripia mtu mmoja, na kila mtu aliinamisha kichwa.

Ningependa kukuambia kwamba hadithi iliishia hapo, tukajifunza, mambo yakawa mazuri. Hapana. Shosho alisema atawachukua wale paka Kitale, nyumbani kwake kuna jiko la makaa, watapata joto. Nikaruka kwa furaha. Lakini Baba akakohoa.

"Shosho, hapo sasa itakuwa ngumu. Mtu aliyekuja kumwona binti hatoki na kitu kinachopumua kwenye boma la watu kabla ng'ombe wa mahari hawajaja. Watu wa hapa watasema ameanza kuchukua kabla ya kutoa. Wataimba hiyo mpaka kwenye harusi."

"Hata paka?"

"Hata paka, Shosho. Mimi sina neno. Ni watu."

Shosho akamtazama Nasimiyu. Mama yako alikuwa amesimama kwenye mwanga wa mlango na nguo yake ya maua, anapindapinda kidole. Nadhani yule bibi aliona kwamba akishikilia paka, atakuwa amevunja kikombe ambacho hakikuwa chake. Akawarudisha kikapuni, mmoja, kisha mwingine, kisha wa mwisho. Akavua shuka lake akawafunika. Akaondoka mabegani hana kitu, na mvua ilikuwa imeshaanza.

Nilijaribu, mwanangu. Niliwawekea chupa ya maji moto, ikapoa. Nikatoa sweta ya shule. Nikaweka vidole vyangu katikati yao, nikajaribu hata kuita ko-ko-ko kwa mdomo, mjinga mimi. Walikuwa wanakataa kitambaa cha maziwa. Walikuwa wanatambaa kikapuni, wanagonga ukuta wake na vichwa, wanatafuta mahali fulani ambapo mimi sikuweza kupatengeneza. Mama mwenyewe alikuja akakaa na mimi, akawapulizia pumzi. Tulikaa hivyo magoti yetu yakigusana, watu wawili wenye damu moto, tukashindwa na kazi ya kuku mmoja.

Jumatatu asubuhi kikapu kilikuwa kimenyamaza.

Ndoa ilifungwa, na wewe ukapatikana, na ukapewa jina la Shosho kama vile watu wa kwao wanavyofanya. Mama yangu kuanzia mwaka ule hakuchinja tena bila kuzunguka boma kwanza. Akimshika kuku anamwinua, anamtazama, anauliza kwa sauti, "Huyu ana nani?" Majirani walimwona kama amerukwa na akili. Tulizoea.

Mbona nakuambia leo? Kwa sababu wiki jana tulimzika Shosho pale Kitale, na nilikuwa nimesimama karibu nawe wajukuu walipoitwa kuweka maua. Ulipoinua mguu, yule mama mwenye koti la bluu alikushika mkono akasema, "Wewe subiri, wanaanza wa damu." Nikaona uso wako. Ulirudi nyuma na ua lako, na jioni ukaniuliza, "Mama mdogo, ati Shosho hakuwa wangu?" Nikasema ulale. Jibu ndilo hili ninalokupa leo, limekuja limechelewa kama mimi kwenye kila kitu.

Wazee husema damu ni nzito kuliko maji. Sawa, sibishani na wazee, wamekula chumvi nyingi. Lakini nimeona damu ikimwambia mtoto asubiri nyuma, na nimeona kiumbe asiye na hata tone moja la damu ya paka akikaa juu ya paka mvua ikinyesha. Wazee haohao walisema pia kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi chagua ni methali gani utatembea nayo. Shosho alimpa baba yako joto kwanza, hayo mengine yakafuata, na wewe ni katika hayo mengine. Alikuwa wako. Hakuna mtu mwenye koti la rangi yoyote anayeweza kuliondoa hilo.

Na lingine, mwanangu, ushike hili hata ukisahau yote. Usipime kiumbe kwa kile anachokupa wewe peke yako. Kuku wetu hakutaga, kwa hivyo tukasema hana faida, na hatukuhesabu wale waliokuwa chini yake. Utakutana na watu wa namna hiyo, wanaoonekana hawana kazi, hawana kitu, wamekaa tu. Kabla hujawaondoa mahali walipokaa, inama uangalie wamefunika nani. Usimdharau mfagiaji, wala mzee anayekaa kwenye veranda siku nzima, wala ng'ombe aliyekauka. Na heshima ni kitu kizuri, mpe mgeni, mpe mkwe, lakini ikifika mahali heshima inataka kula mtu mdogo asiyeweza kusema, iambie ingoje. Mgeni wa kweli atakula sukuma wiki na atashukuru. Siku ile mgeni alikuja, na mwenyeji mmoja hakupona. Ukihesabu na wale aliowafunika, hawakupona wanne.

Mimi bado nina ndoto yangu ya shamba kule Tongaren, ambalo kila mnyama asiye na kwao ataingia bila kuulizwa kabila. Cheka tu. Utakuja kunisaidia kukamua.

Mungu akupe bawa, mwanangu, na akupe wa kuweka chini yake. Ukiwa na baridi, asikose mtu wa kukusogelea bila kuuliza wewe ni wa nani. Ukawe mama wa wengi kabla hata hujazaa, na siku utakayolala, walie wasio wa kwenu.

Kuna jambo moja la Jumatatu ile ambalo hata mama yako halijui. Kabla ya watu kuamka vizuri nilichukua jembe nikachimba shimo nyuma ya migomba, nikawalaza wale watatu kwa kubanana, vile walivyokuwa wakipenda kulala. Kisha nikarudi jikoni, nikatoa bakuli nililokuwa nimelificha nyuma ya chungu tangu Jumamosi. Nikachukua lile bawa langu ambalo sikulila, nikaenda nikakiweka juu yao, nikarudisha udongo na kuukanyaga taratibu. Nikaosha bakuli, nikaenda shule.